Jabal Al-Qarah: namna ya kwenda na kuingia mapangoni

Ukifanya kazi Dammam au Riyadh, Saudia, na ukapata siku ya mapumziko, panda treni hadi Hofuf, kisha teksi. Mlima wa Jabal Al-Qarah uko nje ya mji, katikati ya mitende ya oasisi ya Al-Ahsa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2018.

Usiogope kwenda Agosti. Mimi nilikwenda mwezi huo, jua linachoma hata kandambili, lakini hatua chache tu ndani ya pango jasho likanikauka shingoni. Kuta za mawe zimepanda juu sana na kuacha ufa mwembamba wa mwanga. Mahali pengine nilipita ubavuubavu, begi mkononi. Kwa hiyo beba begi dogo. Vaa viatu vya kufunga, maana sakafu ina mchanga unaoteleza. Ukipapasa ukuta, chembe zinabaki kiganjani: jiwe lenyewe ni la mchanga, laini, basi tafadhali usichonge jina lako. Inaniuma nikiona hivyo.

Ukitoka, tafuta wafinyanzi walio chini ya mlima. Tende nunua Hofuf, aina ya khalas.