Ukifika Beijing nenda Yiheyuan, ile kasri ya kando ya ziwa

Watu wangu wa Malindi mnaoenda China kwa biashara ama masomo, mkipata siku ya kupumua msiikose Yiheyuan. Panda treni ya chini ya ardhi, laini namba 4, shuka Beigongmen, geti la kaskazini liko hapo karibu. Beba pasipoti, na tiketi kata ile ya jumla, hii ya kawaida haikuingizi kwenye baadhi ya majumba ya ndani.

Enda asubuhi mapema kabla vikundi vya watalii havijajaa. Panda kilima cha Wanshou taratibu, ukishuka upande wa pili ziwa Kunming lote linakufungukia, halafu shika ile baraza ndefu, mita 728 hizo, na tafadhali usipite mbio, inua macho uangalie boriti, zimechorwa ndege, maua, visa vya zamani, sisi tuliokulia na milango ya nakshi tunajua hiyo ni jasho la fundi. Magharibi mwisho kuna meli ya mawe, lakini juu yake ni mbao zilizopakwa rangi zifanane na marumaru, isogelee uone.

Mfalme Qianlong alianza kuijenga kasri hii 1750, majeshi ya Uingereza na Ufaransa wakaichoma 1860, inauma kwa kweli, malkia mjane Cixi ndo akairudisha.

Daraja la matao 17 liko mbali kidogo, ukichoka chukua boti. Disemba na Januari ziwa huganda barafu na boti hakuna, kwa hivyo vaa makoti mazito na viatu vya kutembea.