Somo: Kuchagua waya wa umeme na fyuzi ya amplifaya ya gari

Miezi michache iliyopita niliinua zulia la Toyota IST iliyoletwa kwenye karakana yetu Dar es Salaam, kwa sababu muziki ulikuwa umekata ghafla na ndani ya gari kukabaki harufu ya plastiki iliyoungua. Waya mwekundu wa amplifaya ulikuwa umebanwa na reli ya kiti cha abiria. Kila kiti kiliposogezwa, reli ililichuna gamba la waya kidogo kidogo, hadi siku shaba ilipogusa bati ikapiga shoti. Kuanzia hapo hadi kwenye betri gamba lote lilikuwa limeyeyuka na kugandamana na sponji ya zulia, na umeme ulikosa njia pale tu nyuzi za shaba zilipokatika zenyewe kwenye reli. Fyuzi ilikuwepo, tena nzima kabisa na inang'aa, lakini fundi aliyetangulia aliifunga kwenye buti, sentimita 20 kutoka kwenye amplifaya. Umeme wa shoti ile haukuipitia fyuzi hata kidogo.

Kwa hiyo kabla ya hatua yoyote, lishikeni jambo hili: fyuzi iliyo karibu na betri hailindi amplifaya, inalinda waya. Amplifaya ina fyuzi zake yenyewe ubavuni. Ukilielewa hilo, utaratibu wa kuchagua unajipanga wenyewe: ampea huamua waya, na waya huamua fyuzi.

Hatua ya 1: Tafuta ampea halisi

Msiamini namba kubwa iliyoandikwa juu ya boksi. Angalieni fyuzi za amplifaya yenyewe. Ikiwa boksi linatangaza wati 3000 na ubavuni kuna fyuzi mbili za ampea 30, basi jumla ni ampea 60, ambazo kwa volti 13.8 za gari linalounguruma ni wati zipatazo 830 zinazoingia, na zinazotoka kwenye spika ni pungufu ya hapo. Hakuna amplifaya inayotoa nguvu zaidi kuliko inayopokea.

Ikiwa unazijua wati halisi za mfululizo, zile zinazoandikwa RMS, unaweza kupiga hesabu kwa uhakika zaidi. Chukua amplifaya ya daraja D ya wati 500 yenye ufanisi wa asilimia 80: gawa 500 kwa 0.8 upate wati 625, kisha gawa kwa 13.8 upate ampea 45. Amplifaya za daraja AB hupoteza nguvu nyingi zaidi kwa joto, hivyo kwa wati zilezile zitavuta ampea zaidi. Kwa hizo mimi hutumia ufanisi wa asilimia 60.

Hatua ya 2: Pima njia, kisha chagua unene

Chukua kamba, ipitishe pale pale utakapopitisha waya, kuanzia betri hadi amplifaya, pamoja na kona zake zote, halafu uipime. Katika gari dogo lenye betri mbele na amplifaya kwenye buti, urefu huwa karibu meta 5.

Kiasi cha volti zitakazopotea njiani kwenye waya wa shaba hupatikana kwa kuzidisha 0.0175 kwa meta na kwa ampea, kisha kugawa kwa unene wa waya katika milimita za mraba. Kwa mfano wetu wa ampea 45 na meta 5, waya wa milimita 6 za mraba utapoteza volti 0.66, na volti hizo zikizidishwa kwa ampea 45 zinakuwa wati 30 za joto zilizofunikwa na zulia. Waya wa 10 utapoteza volti 0.39, na wa 16 utapoteza volti 0.25. Lengo langu ni kwamba njia nzima, kwenda na kurudi, isipoteze zaidi ya nusu volti, kwa hiyo hapa ningefunga waya wa 16. Wanaonunua kwa geji wakumbuke kwamba geji namba 8 ni takriban milimita 8 za mraba na geji namba 4 ni takriban 21, na kwamba namba inavyopungua ndivyo waya unavyonenepa.

Hesabu hii ni ya shaba tupu, na hapa ndipo wengi tunapodanganywa. Waya nyingi zinazouzwa kwa seti ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo upinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba au zaidi kidogo. Nyingine zina gamba nene mno na nyuzi chache ndani, ili zionekane ni geji 4. Mwombe muuzaji akukatie kipande kidogo, toa uzi mmoja na uukwangue kwa wembe: shaba itabaki nyekundu hadi ndani, alumini itaonyesha weupe. Waya wa alumini si lazima uutupe, ila panda hatua nzima ya unene, na kwenye fyuzi ushuke hatua moja.

Ushauri ninaowapa wateja wangu ni kununua waya wa mashine ya kuchomelea, wa milimita 16, 25 au 35 za mraba. Huuzwa kwa meta, nyuzi zake ni nyembamba na nyingi, unapinda vizuri, na unene wake umeandikwa juu ya gamba. Uvalishe bomba la plastiki lenye mikunjo katika sehemu yote ya injini, kwa ajili ya joto na mafuta. Waya mgumu wa nyumba wenye uzi mmoja usitumike kwenye gari kabisa, kwa kuwa mtikisiko huuchosha ukakatika.

Hatua ya 3: Chagua fyuzi kwa kuangalia waya

Kwa shaba tupu nyumbufu, viwango vya tahadhari ninavyotumia ni hivi: waya wa 10 hupewa fyuzi isiyozidi ampea 60, wa 16 isiyozidi 80, wa 25 isiyozidi 100, na wa 35 isiyozidi 150. Fyuzi iwe ndogo kuliko uwezo wa waya na isiwe ndogo kuliko mahitaji ya amplifaya. Katika mfano wetu wa ampea 45, tuseme amplifaya ina fyuzi mbili za 25 ubavuni: inahitaji 50, na waya wa 16 unavumilia 80, kwa hiyo ningeweka 60.

Ifungwe ndani ya sentimita 45 za waya kutoka kwenye betri, na kadiri inavyokaribia ndivyo bora, kwa sababu kipande kilicho kati ya betri na fyuzi hakilindwi na kitu chochote. Ukigawanya umeme kwa amplifaya mbili, na waya zinazotoka kwenye kigawanyio ni nyembamba kuliko unaoingia, kila mmoja uwe na fyuzi yake hapo hapo. Popote waya unapopungua unene, fyuzi mpya inahitajika.

Hatua ya 4: Kufunga

Anza kwa kutoa kichwa cha hasi cha betri. Kila tundu la bati ambalo waya unapita liwe na mpira wake, na waya ukae mbali na reli za viti. Waya wa ethi, yaani ule unaounganisha hasi ya amplifaya na bodi ya gari, uwe na unene sawa na wa chanya, usizidi nusu meta, na ufungwe kwa bolti kwenye bati la bodi lililosuguliwa kwa msasa hadi ling'ae. Bolti za mikanda ya usalama ziacheni, zina kazi ya kuokoa maisha. Fyuzi iwekwe mwisho, kazi yote ikiwa imekamilika.

Hatua ya 5: Pima ukiwa na mzigo

Washa gari, piga muziki wenye besi, kisha weka ncha moja ya mita ya kupimia volti kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya amplifaya. Namba itakayosomeka ndiyo volti zinazopotea kwenye waya. Fanya vivyo hivyo kwa hasi ya betri na ethi ya amplifaya. Baada ya dakika 15, shika nyumba ya fyuzi kwa mkono. Ikiwa ni ya moto, kuna skrubu iliyolegea.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo fundi. Fyuzi yangu ya 60 inakatika kila wiki, na jirani amenishauri niweke ya 100 au nifunge uzi wa shaba. Waya wangu ni wa 10.

Jibu: Marahaba. Usifanye lolote kati ya hayo mawili. Uzi wa shaba si fyuzi, kwa sababu hakuna anayejua utakatika kwa ampea ngapi, na waya wako wa 10 hauvumilii fyuzi ya 100. Toa kwanza waya wa chanya kwenye amplifaya, uweke fyuzi mpya. Ikikatika, gamba limechunwa mahali fulani. Isipokatika, basi ni mzigo: kagua omu (kipimo cha upinzani) za sabufa, yaani spika ya besi, na jumla ya fyuzi za amplifaya, na ikiwa mzigo ni halali, badilisha waya na fyuzi kwa pamoja.

Swali: Fundi, Prius yangu ina betri nyuma, na amplifaya iko karibu yake. Waya hauzidi meta moja. Je, fyuzi bado ni ya lazima?

Jibu: Ni ya lazima. Ufupi wa njia unakupunguzia volti zinazopotea, lakini shoti haijali urefu. Hakikisha unatumia betri ndogo ya volti 12 peke yake, na waya za rangi ya chungwa usiziguse kabisa, hizo ni za umeme mkubwa wa mfumo wa haibridi.

Swali: Ninaendesha Fuso ya volti 24. Fundi mmoja alichukua umeme kwenye betri moja tu ili apate volti 12. Muziki unapiga vizuri, lakini betri hiyo imekufa mara mbili.

Jibu: Inakufa kwa sababu inanyonywa peke yake, huku chaji ikipimwa kwa zote mbili kwa pamoja, inabaki na njaa, na mwenzake anazidishiwa chaji. Funga kipunguzaji cha volti 24 kwenda 12 chenye uwezo wa ampea za amplifaya yako, ukiunganishe kwenye betri zote mbili. Weka fyuzi upande wa volti 24 karibu na betri, na nyingine pale volti 12 zinapotoka.

Swali: Besi ikigonga, taa za mbele zinafifia. Ninunue kapasita?

Jibu: Pima kwanza volti za betri gari likiunguruma na besi ikigonga. Zikibaki juu ya 13.5 huku taa zikififia, kagua ethi ya betri kwenye bodi na ya injini kwenye bodi, kwani waya za kiwandani za magari yaliyotumika mara nyingi huwa zimeoza ndani ya gamba. Zikishuka chini ya 12.6, alteneta haikidhi mzigo, na kapasita haizalishi umeme, inauhifadhi tu kwa muda mfupi.