Dar mpaka Mombasa kwa baiskeli: panga na upepo kwanza

Kuna swali naulizwa sana, kaka nataka kupiga trip ya baiskeli kutoka Dar mpaka Mombasa, ninunue baiskeli gani? Na mi kila mara namrudishia swali, unaenda mwezi wa ngapi? Wengi wanaona kama nakwepa ila kwa pwani yetu hii mwezi ndo swali la kwanza, baiskeli utapata tu, hata ya kuazima.

Ishu ni upepo. Kuanzia kama Desemba mpaka Machi kunavuma kaskazi, inatoka kaskazini mashariki inakupiga usoni ukiwa unapanda kuelekea Tanga. Kuanzia Mei mpaka Septemba inavuma kusi, inakuja na mgongo wako. Watu wa majahazi waliishi hivyo karne na karne, wanashuka na kaskazi kutoka Arabuni wanarudi na kusi, hakuna nahodha aliyetweka tanga mwezi wa kwanza aende Muscat halafu ashangae hafiki. Sasa we na mabegi mawili pembeni ya karia unajiona mwendesha baiskeli, upepo unakuona ni jahazi tu.

Mi nilijifunza kwa miguu yangu. Mara ya kwanza nilienda Januari kwa sababu ndo likizo ilipoangukia, Pangani mpaka Tanga ni kama kilomita 50 tu, nikatoka saa kumi na mbili asubuhi nikaingia mjini saa tisa alasiri nimekauka kama ng'onda, yaani hata kwenye mteremko ilibidi ninyonge. Nikarudi Julai njia ileile baiskeli ileile, saa nne na nusu niko Tanga nakunywa chai. Tangu siku hiyo sibishani na kalenda.

Kwa hiyo kama unapanda kaskazini, nenda kuanzia mwishoni mwa Juni mpaka Septemba, masika yameshapita na hali ya hewa ina ubaridi kidogo. Kama likizo yako lazima iwe Desemba mpaka Februari usilazimishe, geuza safari, panda basi na baiskeli mpaka Mombasa alafu ushuke nayo kuja Dar. Aprili na Mei sahau kabisa, masika yakikukuta kwenye barabara ya vumbi kati ya Bagamoyo na Pangani, tope linajaa kwenye madigadi mpaka tairi linagoma kuzunguka na unaishia kuibeba baiskeli begani. Oktoba na Novemba kuna vuli, unaweza kwenda ila uwe na moyo wa kulowa.

Umbali wote ni karibu kilomita 500. Ukiwa na mwili wa kawaida, mtu wa kazi za ofisini ambaye amejifua wikiendi mbili tatu, panga siku kumi na moja au kumi na mbili na ndani yake weka siku mbili za kupumzika. Kilomita 50 mpaka 60 kwa siku zinatosha. Kuna jamaa watakwambia wao wanapiga 120, waache wapige, we umeenda likizo. Unaanza kunyonga jua likichomoza tu, saa tano uko kivulini na dafu mkononi, ukitaka kuendelea unaamka saa tisa alasiri unamalizia. Pwani kati ya saa sita na saa tisa hata mbuzi wanajua kukaa chini ya mkwaju.

Siku ya kwanza ni Dar mpaka Bagamoyo, kama kilomita 65 hivi, inategemea unatokea wapi. Lami tupu. Ugumu wake sio umbali, ni kutoka mjini, Mwenge mpaka Tegeta mpaka Bunju daladala na bodaboda wanakubana hadi unatamani kurudi kulala. Dawa ni kuondoka Jumapili alfajiri. Ukifika Bagamoyo mapema pita Kaole ukaone magofu, alafu pale mjini kuna boma la Mjerumani, ngome kongwe, na misheni ya Wakatoliki ya tangu 1868. Lala hapo.

Sasa kipande cha Bagamoyo mpaka Pangani ndo chenye maneno, na hapa naomba usome taratibu. Njia ya pwani inapitia Makurunge, inavuka mto Wami, inaingia maeneo ya Saadani mpaka Mkwaja, alafu inashuka Pangani. Ukijumlisha na kile cha Pangani mpaka Tanga ni kama kilomita 250. Ni barabara ambayo imekuwa ikijengwa vipande vipande, kwa hiyo utakutana na lami safi, alafu kifusi, alafu mchanga unaokuangusha kama mtoto anajifunza. Kabla hujatoka Bagamoyo tafuta dereva wa fuso au wa bodaboda aliyetoka huko wiki hiyohiyo, muulize wapi kuna mchanga na wapi kuna maji ya kunywa. Ramani ya simu usiisikilize sana, inakuonyesha mstari lakini haikuonyeshi mchanga.

Alafu kuna wanyama. Saadani ni hifadhi ya taifa, ndo ile inayogusana na bahari ya Hindi, na mule kuna simba, tembo, nyati, twiga. Usiingie na baiskeli kimya kimya eti ni njia tu ya kupita. Fika getini, salimia, eleza safari yako, lipa kinachotakiwa kulipwa, na wakikwambia hapa na hapa hupiti kwa baiskeli basi hupiti. Mi kipande cha hifadhini niliweka baiskeli juu ya pikapu ya wachuuzi wa samaki nikakaa nyuma na matenga, nikanuka dagaa mpaka Tanga, na sioni aibu kusema sikukamilisha kila kilomita. Kwenye bajeti weka kabisa hela ya lifti hiyo, na siku moja ya ziada maana gari unaweza kuisubiri mpaka kesho yake.

Asiyetaka habari za simba kuna njia ya bara, Bagamoyo mpaka Msata lami kilomita 64, alafu unashika barabara kuu ya kwenda Segera mpaka Muheza na Tanga. Inapitika, gesti zipo, ila ni mabasi na malori mwanzo mwisho na basi la Arusha likikupita kwa spidi ule upepo wake unakusukuma porini. Bahari huioni hata kidogo. Ukichagua hiyo, funga kioo cha pembeni na vaa rifleksa hata mchana.

Pangani sasa. Ukitokea kusini unafikia Bweni, mji uko ng'ambo, katikati ni mto, na miaka yote watu wamevuka kwa pantoni. Daraja likishakuwa tayari utapita juu, vinginevyo unasubiri pantoni na kila mtu. Usiende kuoga mtoni hata ukiwa na joto namna gani, mamba wapo. Hapa ndo weka siku yako ya kwanza ya mapumziko, mji mdogo, milango ya zamani, watu hawana haraka. Pangani ndiko Abushiri bin Salim alikoanzia vita na Wajerumani mwaka 1888 na ndiko walikomnyonga Desemba 1889, ukikaa barazani na wazee jioni utasikia zaidi ya hapo.

Pangani na ufukwe wa jirani wa Ushongo pia ndo mahali pa kujaribu kuendesha ufukweni, kitu ambacho kila mtu anakiota na wachache wanakipanga. Siri yake ni maji. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi kuandama na mwezi mpevu, maji yanakupwa mbali sana na mara nyingi yanakuwa chini kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi, mchanga wa chini unabaki mgumu kama sakafu. Siku za maji mafu, yaani yasiyokupwa sana, usihangaike, utasukuma baiskeli tu. Muulize mvuvi yeyote leo maji yanakupwa saa ngapi, atakujibu bila kuangalia saa. Punguza upepo kwenye matairi kidogo, anza saa moja kabla maji hayajafika chini, na jua njia ya kutokea, kwa sababu mbele kuna mkondo au mikoko na maji yakianza kujaa hayakusubiri. Jioni hiyohiyo osha baiskeli kwa maji baridi ya kisima, ifute, weka oili ya cherehani kwenye cheni. Ukilala na chumvi, asubuhi cheni ni nyekundu.

Pangani mpaka Tanga unapita kwenye mashamba ya mkonge, na kabla ya mji kuna magofu ya Tongoni. Tanga ni mji wa baiskeli, kina mama na wazee wa kanzu wote wananyonga, hakuna atakayekushangaa, na mafundi wapo kila kona kwa hiyo hapa ndo pa kunyoosha rimu na kubadilisha breki. Mapango ya Amboni yako kama kilomita nane tu njia ya kwenda Horohoro. Kutoka Tanga mpaka mpakani ni lami kama kilomita 65. Horohoro ya Tanzania na Lunga Lunga ya Kenya unamaliza mambo sehemu moja, beba pasipoti na kadi ya homa ya manjano, badilisha hela kidogo, chukua laini ya Kenya uwe na M-Pesa ya huko, endelea.

Lunga Lunga mpaka Likoni, penye feri ya kuvukia Mombasa mjini, ni kama kilomita 105, gawa mara mbili. Ukiwa na muda kata kulia kwenda Shimoni, ni kama kilomita 15 kutoka barabara kuu, kuna pango walimofungiwa watumwa na ng'ambo yake kisiwa cha Wasini. Gazi kuna njia ya mbao katikati ya mikoko inaendeshwa na kina mama wa kijiji. Lala Msambweni au Ukunda. Diani kuna hoteli za bei za watalii ila Ukunda upande wa barabara kuna gesti za watu wa kawaida na mahamri na mbaazi asubuhi ya kukufuta machozi. Alafu Tiwi, Waa, Ng'ombeni, na hapo Likoni kwenye feri. Shuka kwenye baiskeli, ishike kwa mkono, usiwe na haraka, umati wa Likoni saa za kazi ni bahari nyingine. Usivuke saa moja asubuhi wala saa kumi na moja jioni kama unaweza kuchagua.

Haya, baiskeli. Hata Foniksi inafika, nimeshamwona mzee na Foniksi yake amebeba magunia mawili ya mkaa na ananipita. Ila kwa mizigo na vilima vidogo vidogo vya Muheza na Kwale, gia zinasaidia. Baiskeli ya mtumba kutoka Japani yenye tairi za inchi 26 inatosha sana. Sababu ya 26 ni kwamba tyubu na tairi zake utazikuta mpaka duka la kijijini, ukija na hizi nyembamba za mashindano ikipasuka Mkwaja utakaa Mkwaja. Hivyohivyo valvu, chukua tyubu yenye valvu nene kama ya gari, bodaboda yeyote atakujazia. Beba tyubu mbili, viraka na solusheni, pampu, spana, spoku nne tano, nyaya za breki. Mbigili za pembeni ya barabara zitakutoboa, sio kama, ni lini. Na jifunze kuziba pancha nyumbani kabla ya kuondoka, sio kwenye jua la saa saba.

Mizigo weka chini pembeni ya gurudumu la nyuma, sio mgongoni, begi la mgongoni joto hili litakuua. Huna mabegi maalum? Viroba viwili, mifuko ya nailoni ndani, na mipira ya tyubu kuukuu ya kufungia. Usije na shangazi kaja tu, nimejaribu, zipu ilifunguka Mkange.

Maji beba lita nne kwenye kipande cha Saadani, kwingine mbili tatu zinatosha maana maduka yapo. Ukitoka jasho sana tengeneza mwenyewe, lita moja ya maji safi, sukari vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Mifukoni weka tende, kashata, karanga. Ukisafiri Ramadhani ujue mchana migahawa mingi imefungwa, nunua chakula usiku, na kama hujafunga kula pembeni.

Kwenye kijiji kisicho na gesti usisimamishe hema tu ufukweni. Muulizie mwenyekiti wa kijiji, upande wa Kenya muulizie chifu au mzee wa mtaa, piga hodi, shikamoo kwanza, baiskeli baadaye. Mi sijawahi kunyimwa pa kulala, nimewahi kunyimwa kulala mapema kwa sababu ya maswali. Na zile kaptura za kubana za baiskeli, ukiingia mjini funga kikoi au kanga juu yake.

Kurudi Dar ni basi. Nenda ofisini siku moja kabla, sema wazi una baiskeli, elewana bei ya mzigo hapohapo na wakuandikie kwenye tiketi, maana ukikubaliana kwa mdomo, bei ya asubuhi na bei ya konda pale buti linapofungwa ni bei mbili. Toa pedeli, geuza usukani ulale sambamba na tairi la mbele, funga kipande cha boksi kwenye gia, na simama pale mpaka uione imeingia upande ambao hawapangi magunia ya vitunguu juu yake.