Jifunze kupanga skrini kwa kunakili moja

Kama unaandika programu vizuri lakini kila ukurasa wako unafanana na fomu ya kuombea kibali, usikimbilie rangi. Chukua skrini moja unayoitumia kila siku, tuseme ile ya kutuma pesa, ipige picha, kisha ijenge upya kwa HTML na CSS kwa kukisia kwa macho tu. Ukimaliza, ilaze picha ya asili juu ya kazi yako na uifanye ipenyeze kidogo (opacity) hadi zote mbili zionekane.

Hapo utajiona. Mimi nilikuta kitufe changu kimeachana na maandishi kwa pikseli 6, waliotengeneza skrini ya asili waliacha 24. Karibu makosa yangu yote yalikuwa ya nafasi, wala si ya "kipaji" nilichodhani sina.

Tangu hapo natumia vipimo vichache tu vya nafasi, kwa pikseli: 4, 8, 16, 24, 32. Nikijikuta naandika 13, najua nimeanza kubahatisha.

Rangi zije mwisho. Anza na nyeusi, nyeupe na kijivu. Ila kijivu hafifu kinachopendeza ofisini, toka nacho nje saa saba mchana ujaribu kukisoma juani. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya kurasa za wavuti zitumike na watu wote, unataka uwiano wa utofauti kati ya maandishi na mandharinyuma yake uwe angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na zana za kukagua kwenye Chrome zinakuonyesha namba hiyo ukibofya rangi ya maandishi.