Namna ya Kupima Mjadala wa Mabomu ya Hiroshima na Nagasaki

Anayetaka kuandika au kufundisha kuhusu mabomu ya atomiki ya Agosti 1945, na hasa kama yalikuwa ya lazima, aanze kwa kuuliza: lazima kwa lengo gani? Kumaliza vita kabla ya uvamizi wa Marekani katika kisiwa cha Kyushu, Japani, uliopangwa kuanza tarehe 1 Novemba, ni lengo moja. Kuifanya Japani ijisalimishe bila masharti ni jingine. Na kuiwahi Urusi ya Stalin isijitanue Asia ni la tatu. Wabishi wengi hawapingani kweli, kwa maana kila mmoja anajibu swali lake.

Kisha panga ushahidi kwa tarehe, na utenge yaliyoandikwa kabla ya tarehe 6 Agosti, siku Hiroshima ilipopigwa, na yaliyoandikwa baadaye. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ndiyo yenye faida kubwa. Mwaka 1947 Henry Stimson, aliyekuwa waziri wa vita wa Marekani, aliandika kwamba uvamizi ungeweza kuwagharimu Wamarekani zaidi ya milioni moja, waliouawa na kujeruhiwa kwa pamoja. Hata hivyo, waraka mmoja wa wapangaji wa kijeshi wa Juni 1945 ulikadiria vifo 40,000 hivi na majeruhi 150,000, ingawa yalikuwepo makadirio mengine makubwa zaidi. Wapinzani wa mabomu nao hupenda kutaja ripoti ya Marekani ya mwaka 1946, iliyosema kwamba Japani ingejisalimisha kabla ya mwisho wa 1945 hata bila mabomu hayo. Maneno yote mawili yalitoka baada ya vita, kwa hiyo hayawezi peke yake kuthibitisha Rais Truman alijua nini alipoamua.

Amri yenyewe isomwe kwa makini. Iliandikwa tarehe 25 Julai na kumwelekeza Jenerali Spaatz, mkuu wa kikosi cha anga cha kimkakati cha Marekani katika Pasifiki, kwamba bomu la kwanza lidondoshwe mara hali ya hewa itakaporuhusu, kuanzia tarehe 3 Agosti au karibu na hapo, na mengine yafuate kadiri yatakavyokuwa tayari. Tamko la Potsdam, lililoitaka Japani ijisalimishe, lilitolewa siku iliyofuata. Mfuatano huo hauthibitishi kwamba tamko lilikuwa geresha, kwa kuwa Truman alikuwa na uwezo wa kuitengua amri. Lakini mwandishi mwaminifu hawezi kuuficha.

Upande wa Japani usichunguzwe nusunusu. Katikati ya Julai, Waziri wa Mambo ya Nje Togo alimpelekea balozi wake wa Moscow simu za maandishi, ambazo Wamarekani walizinasa na kuzisoma, akisema Mfalme Hirohito anataka vita viishe. Baada ya siku chache alimwambia balozi huyo kwamba kujisalimisha bila masharti hakukubaliki kabisa. Anayenukuu ya kwanza na kuiacha ya pili anampotosha msomaji, na kinyume chake vilevile.

Tarehe 9 Agosti inahitaji uangalifu wa pekee. Majeshi ya Kisovieti yalikuwa yameingia Manchuria, eneo la kaskazini-mashariki mwa China lililokuwa mikononi mwa Japani, usiku huo, na habari za bomu la Nagasaki zilifika wakati wakuu sita wa vita wa Japani wakiwa kikaoni. Bado waligawanyika watatu kwa watatu kuhusu masharti ya kujisalimisha, hadi Mfalme mwenyewe alipokata shauri. Katika tangazo lake la tarehe 15 Agosti alilitaja bomu jipya la kikatili. Katika waraka wake kwa wanajeshi wa tarehe 17 alitaja kuingia vitani kwa Urusi, na bomu hakuligusa. Kwa maoni yangu, anayechagua sababu moja tu analipa somo hili sura rahisi kuliko ilivyokuwa.

Mwisho, Nagasaki ipewe sehemu yake yenyewe, kwa sababu hoja inayoitetea Hiroshima haiitetei Nagasaki moja kwa moja. Hadi mwisho wa 1945 watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima, na karibu 70,000 Nagasaki. Bomu la pili lilidondoshwa chini ya amri ileile ya Julai, bila uamuzi mpya wa rais. Tarehe 10 Agosti ndipo Truman alipoagiza kwamba bomu jingine lisidondoshwe bila idhini yake.