Somo: Utafute msuli wa brevisi kwenye mkono wako

Jina lake kamili ni ekstensa kapi radialisi brevisi. Hapa tutauita brevisi. Wengi hukariri kwamba kazi yake ni kuinua kifundo cha mkono, wakaishia hapo. Kazi yake kubwa iko hatua ya 4.

1. Laza kigasha mezani, kiganja kikitazama chini. Papasa upande wa nje wa kiwiko mpaka upate kinundu cha mfupa. Brevisi inaanzia hapo, kwenye kano inayochangiwa na misuli mingine ya nyuma ya kigasha.

2. Shuka kidogo kuelekea kifundo, kisha inua mkono, vidole vikiwa vimelegea. Nyama inayotuna ni longusi (ekstensa kapi radialisi longusi, msuli mwenzake mrefu zaidi), na brevisi imejificha chini yake. Chezesha vidole: ukihisi mtikisiko, umehamia msuli wa vidole. Rudi upande wa kidole gumba.

3. Kunja ngumi, inua kifundo. Kano mbili hutokeza: ya longusi huishia kwenye kitako cha mfupa wa pili wa kiganja, ukihesabu kutoka kidole gumba, ya brevisi kwenye wa tatu.

4. Kunja kifundo chini kabisa, shika kalamu, mtu aichomoe. Inatoka bila taabu. Sasa inua kifundo kama nyuzi 20 hadi 30, arudie. Umeona? Misuli inayokunja vidole huvuta na kifundo pia, na kikishakunjwa yenyewe huishiwa nguvu. Brevisi ndiyo inayokizuia.

Maswali

– Mwalimu, mama akikamua nguo kiwiko kinamuuma kwa nje. Kaambiwa ni "kiwiko cha tenisi", na raketi hajawahi kuigusa!

Wengi wa wagonjwa hao hawachezi tenisi. Kukamua ni kushika kwa nguvu, na mzigo huangukia chanzo cha brevisi. Apunguze kukamua, abebe vitu kiganja kikitazama juu. Maumivu yakipoa, ashushe taratibu chupa ndogo ya maji kwa kifundo. Akipata ganzi au mkono ukilegea, aende hospitali.

– Shikamoo mwalimu. Mgonjwa kavunjika mfupa wa mkono wa juu, katikati. Kiganja kinaning'inia. Brevisi imekatika?

Marahaba. Kwa kawaida msuli ni mzima. Kagua neva ya radiali, inayopita nyuma ya mfupa huo na kuiamrisha misuli inayoinua kifundo. Neva za kukunja vidole ni nyingine, kwa hiyo kishikilie kifundo chake kwa banzi kikiwa kimeinuka, umpe kikombe ashike.