Jinsi ya kuandaa jioni ya fasihi na historia ya mahali katika maktaba ya chuo kikuu

Vikundi vya marafiki wa maktaba vina umri mrefu. Cha maktaba ya Bodleian, Oxford, kilianzishwa mwaka 1925. Kazi yao inayojulikana zaidi ni kuisaidia maktaba kupata vitabu na hati. Ila naamini hakuna wanachofanya chenye faida kuliko kuwaingiza ndani watu wa jirani ambao hawajawahi kukanyaga maktaba ya chuo, wakaona kwamba yaliyohifadhiwa humo yanawahusu. Ukitaka hilo litokee, fuata njia hii.

Hatua ya 1: Anza na kitu, mgeni baadaye

Kamati nyingi huanza kwa kuuliza, "Tumwalike nani?" Acha swali hilo kwanza. Nenda kwa mkutubi anayetunza nyaraka, umwombe akuonyeshe kitu kinachogusa eneo lenu na ambacho hakijawahi kuonyeshwa hadharani: barua, shajara, ramani ya mji kabla haujapanuka, au mswada wa riwaya. Kimoja kinatosha.

Miswada ina utajiri wa pekee. Angalia palipokatwa kwa wino. Ukikuta mwandishi alitaja mtaa kwa jina lake halisi, akalifuta na kuweka la kubuni, tayari una mada ya jioni nzima: kwa nini alilificha, na mtaa wenyewe ulikuwaje?

Hatua ya 2: Tafuta wazungumzaji wawili

Mmoja awe anayajua maandishi, mwingine awe anapajua mahali. Huyu wa pili si lazima awe msomi. Mzee aliyekulia hapo anafaa kabisa, na apewe heshima na muda sawa na mwenzake. Wapelekee wote nakala ya hati wiki mbili kabla. Dakika 20 kwa kila mmoja, kisha nusu saa ya maswali.

Hatua ya 3: Omba vibali

Kwa Mkataba wa Berne, ambao ni mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, haki ya mwandishi juu ya maandishi yake, yaani hakimiliki ya maandishi hudumu maisha ya mwandishi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Nchi nyingi zimefikisha 70. Jambo linalosahaulika ni barua. Karatasi inaweza kuwa mali ya maktaba, lakini maneno ni ya aliyeyaandika, kisha ya warithi wake. Kama mtaisoma hadharani na kuirekodi, watafuteni warithi mapema.

Hatua ya 4: Andaa meza ya maonyesho

Hapa usiwe na haraka. Hati moja ikichanika, hakuna nyingine.

Kwa karatasi, tumia mikono iliyonawiwa na kukaushwa vizuri. Glavu nyeupe za pamba zinapendeza kwenye picha, lakini zinapunguza hisia za vidole, na ukurasa mkavu huchanika kabla hujajua umeushika. Picha za zamani ni habari nyingine: mafuta na chumvi za vidole huziachia alama, kwa hiyo hizo zishikwe kwa glavu.

Kitabu cha zamani kisilazimishwe kulala bapa. Kiegemeze kwenye vipande vya sponji ngumu vilivyokatwa mshazari, kifunguke pale tu kinapokubali chenyewe. Taa isizidi lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu) kwenye hati zenye wino au rangi, maana madhara ya mwanga hujilimbikiza na hayarekebishiki. Kalamu za wino zisikaribie meza, weka penseli. Chai na vitafunio viwe chumba kingine.

Kisha chapisha nakala kubwa ya hati, uibandike ukutani. Wa nyuma naye amekuja kuona.

Hatua ya 5: Endesha jioni yenyewe

Fungua kwa kusoma kipande cha hati kwa sauti, kabla ya hotuba za ukaribisho. Kama mada ni ramani, tandaza nakala zake mezani pamoja na penseli. Muda si mrefu mtu ataweka kidole na kusema, "Kisima hakikuwa hapa, kilikuwa ng'ambo ya njia," na mwingine atambishia. Mwendesha mjadala asiwakatize. Awaombe waandike kwenye nakala ileile, kila mmoja na jina lake, hata wakipingana.

Hatua ya 6: Rekodi, kisha hifadhi

Kila atakayezungumza ajaze fomu ya ridhaa kabla, ikieleza sauti yake itatunzwa wapi na nani ataruhusiwa kuisikiliza. Rekodi kwa WAV, aina ya faili linalotunza sauti yote, ukiweka kinasa sauti kwenye kilohezi 48 na biti 24, si MP3, ambayo hutupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo. Mwanzoni kabisa taja tarehe, mahali na majina. Pitisha kipaza sauti kwa hadhira, la sivyo mtabaki na majibu yasiyo na maswali.

Tengeneza nakala tatu, moja ikae jengo lingine. Mkabidhi mkutubi rekodi, fomu na ramani zilizoandikwa penseli, ukimwomba aziorodheshe pamoja na hati ya asili, ili atakayeagiza ramani siku za mbele apewe na sauti za waliobishana juu yake. Wiki hiyohiyo mpelekee mzee wenu nakala ya mazungumzo yake.